Miti Mmeihesabu, Mapafu Je?

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu wiki tatu. Kwa wale walioniandikia kuuliza kama nimehama nchi: nipo jamani, ni kazi tu. Leo sina picha ya kuwawekea wala mchapo wa mjini. Nina hasira. Na ni ndefu, kwa hiyo wenye haraka chukueni chai kwanza.

Mwezi uliopita nilitumwa na ofisi kwenda kwenye hafla katika hoteli moja kubwa hapa Dar. Kampuni fulani (jina naliacha, mtaona sababu huko mbele) ilikuwa inazindua kitu wanachokiita Ripoti ya Uendelevu. Kitabu kizuri, karatasi inateleza, rangi nne, kurasa zaidi ya themanini. Fungua ukurasa huu, mkurugenzi ameshika chepe na mche wa mti. Fungua ule, mkurugenzi na watoto wa shule wakiwa juu ya madawati mapya. Mbele kidogo mkurugenzi tena, safari hii na fulana ya mbio za hisani, anatoka jasho kwa ajili ya jamii. Miti imehesabiwa mpaka mche wa mwisho. Madawati yamehesabiwa. Lita za maji zilizookolewa zimehesabiwa. Na ukurasa mmoja mzima umeachiwa maandishi makubwa ya kijani: kiwanda kimetimiza siku mia nne na kitu bila ajali.

Ulipofika muda wa maswali nikanyoosha mkono. Nikauliza swali fupi tu. Wafanyakazi wangapi wa kiwandani wamepimwa mapafu mwaka huu, wangapi wamekutwa na tatizo, na je, vibarua wamo kwenye hesabu hiyo?

Ukumbi ukatulia kidogo. Mkurugenzi akamtazama afisa uhusiano. Afisa uhusiano akatabasamu: "Swali zuri sana kaka. Tutakutumia majibu kwa barua pepe." Mpaka leo nasubiri hiyo barua pepe. Zikaja sambusa, ikaja soda, na mlangoni zikaja bahasha za "nauli". Kutoka pale hotelini hadi ofisini kwetu ni daladala moja. Kilichokuwa ndani ya bahasha kingenifikisha Morogoro na kunirudisha. Najua mnataka kujua kama niliipokea. Nitawaambia mwishoni.

Nikarudi, nikaandika habari ya maneno mia sita, na swali langu nikaliweka humo pamoja na ahadi ya barua pepe. Kesho yake gazetini yalitoka maneno mia mbili na picha ya yule mkurugenzi na mche wake. Nikamfuata mhariri. Akanijibu kwa upole kabisa, maana si mtu mbaya: "Mdogo wangu, hawa wana ukurasa mzima wa tangazo Ijumaa. Unataka mshahara wako utoke wapi?"

Sasa niwaambie kwa nini nililiuliza lile swali, maana halikutoka hewani.

Mjomba wangu alifanya kazi kiwandani miaka kumi na saba, mkoa mwingine, kiwanda kingine. Alikuwa kitengo cha kujaza mifuko. Vumbi la pale ni la aina ambayo mtu akitoka zamu, watoto wake wanamcheka kwa jinsi kope zilivyokuwa nyeupe. Kinga yake ilikuwa kipande cha kanga ya shangazi, amekifunga puani. Alianza kukohoa. Akapelekwa hospitali, akaambiwa kifua kikuu, akameza dawa miezi yote. Kikohozi hakikwisha. Akaambiwa kimerudi, akameza tena. Makohozi yake kila yakipimwa hayakuonyesha vimelea. Alipofika hospitali ya rufaa, daktari kijana, umri wangu nadhani, akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza kwa miaka yote ile: "Mzee, shikamoo. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

Hilo tu. Swali la sekunde tatu. Picha ya kifua ikasomwa upya na jibu likawa vumbi, si vimelea. Mapafu yameota makovu, na makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa.

Na fidia? Hapo ndipo utamu ulipo. Mjomba katika miaka kumi na saba hakuwahi kuwa mwajiriwa. Alikuwa kibarua, mkataba wa miezi mitatu mitatu, unaisha Ijumaa na kuanza upya Jumatatu. Siku alipoanza kukohoa mno, Jumatatu haikufika. Hakufukuzwa, hakuachishwa, hakuumia kazini. Hayumo kwenye kitabu chochote. Na kwa habari ya ajali, kiwanda kilikuwa kinasema kweli tupu: mjomba hakuwahi kukatika kidole wala kuanguka ngazini. Siku zake zote zilikuwa siku bila ajali.

Ndugu msomaji, hebu tulitazame vizuri hilo neno ajali. Shirika la Kazi Duniani, katika makadirio yake ya mwaka 2023, linasema watu karibu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kazi zao. Kati ya hao, wanaokufa kwa ajali ni kama 330,000. Waliobaki, kama milioni 2.6, wanakufa kwa maradhi waliyoyapata kazini: moyo, mapafu, saratani. Yaani maradhi yanaua karibu mara nane ya ajali. Sasa kampuni inapobandika getini kibao cha siku bila ajali, inakuonyesha kaburi moja na kuyafunika manane. Ajali ina damu, ina kelele, ina polisi na mpiga picha. Maradhi ya kazi yanakuja taratibu, mtu akiwa ameshaondoka kiwandani, amerudi kijijini kwao, anakohoa usiku chini ya mwembe ambao mkurugenzi hakuupanda.

Wenzetu hawa wameliokota neno uendelevu na kulifanya pambo. Kuendelea, kwa Kiswahili cha mama yangu, ni kitu kusonga mbele bila kufa. Swali la kwanza basi lingekuwa: nani anaendelea, na nani amekatishwa ili mwingine aendelee? Kampuni inayotoa gawio kila mwaka huku mapafu ya watu wake yanakwisha haijaendelea. Imekopa. Imekopa kwa mjomba wangu bila riba na bila karatasi, halafu deni limeachiwa shangazi, hospitali ya wilaya na wewe mlipa kodi.

Kama mnadhani natia chumvi, njooni tuvuke mpaka kidogo hadi Mombasa, kwenye mtaa wa Owino Uhuru. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, kama watu 3,000 hivi. Mwaka 2007 kikaanza kiwanda pembeni yao kikiyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi. Kilikuwa kiwanda cha mauzo ya nje, kile kinachopewa misamaha na kusifiwa kwenye hotuba. Moshi ukawa unaingia majumbani, maji machafu yakapita kwenye mifereji ambamo watoto wanacheza.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri mama mmoja kijana, Phyllis Omido, kazi yake ikiwa mahusiano na jamii. Sikilizeni hapo: mahusiano na jamii. Kazi ile ile ya yule afisa uhusiano wa hotelini. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia tathmini ya athari kwa mazingira. Wataalamu walipoangalia wakaona hatari, naye akapeleka ushauri kwamba kiwanda hakifai kuwa pale. Akaondolewa kwenye kazi hiyo. Baadaye mtoto wake mchanga akaugua. Wakapima malaria, wakapima taifodi, hakuna kitu. Kilichokuja kugundulika ni risasi kwenye damu, na mtoto alikuwa ameipata kupitia maziwa ya mama yake.

Kwa wasiofahamu, madini ya risasi hayana kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa salama. Mtoto mdogo huyafyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Yanakwenda kwenye ubongo, na kilichoharibika huko hakirudi. Yanajificha kwenye mifupa kwa miaka, na mwanamke akipata ujauzito yanatoka mifupani kwenda kwa mtoto. Yaani kiwanda kinaweza kufungwa leo, mwekezaji akapanda ndege, na risasi yake ikaja kuzaliwa na mtoto ambaye hata wazazi wake walikuwa hawajajuana kiwanda kilipokuwa kinafanya kazi.

Mama huyu akaacha kazi, akaanza kudai. Mwaka 2012 alikamatwa kwa madai ya kuchochea vurugu, mahakama ikamwachia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 Omido akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na eneo lisafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe: kiwanda kilifanya kazi kama miaka saba, na watu wakazunguka kudai haki kwa muda mrefu kuliko huo. Wapo waliozikwa kabla ya hukumu ya mwisho.

Na waliobebeshwa lawama na mahakama si kiwanda peke yake. Vyombo vya serikali vilivyotakiwa kuzuia, vikiwemo mamlaka ya mazingira na wizara ya afya, navyo vilikutwa na hatia ya kutotimiza wajibu. Maana yake sehemu ya deni inarudi kwa mwananchi wa Kenya kupitia kodi. Faida ilikuwa ya watu wachache, sumu ikawa ya mtaa, bili ikawa ya taifa. Huo ndio uendelevu tunaouzungumza?

Najua kuna msomaji hapo ameshaanza kuandika maoni: "Wewe mwandishi, unataka viwanda vikimbie? Vijana wapate ajira wapi?" Hoja hii naiheshimu, maana nina rafiki zangu wenye digrii wanaouza vocha. Lakini tuipime. Kwanza, kiwanda ambacho faida yake inapatikana kwa kuruka gharama ya barakoa, mashine ya kunyonya vumbi na daktari, hakina faida. Kina ruzuku, na anayeitoa ni mfanyakazi, kwa mapafu yake. Pili, kazi ya mjomba iliwaweka watoto wanne shuleni, kweli kabisa, halafu ugonjwa wake ukamtoa wa tatu shuleni ili fedha zinunue dawa. Ajira iliyotoa mkono wa kulia ikachukua kwa wa kushoto. Tatu, wanaotutishia kwamba watakimbia wengi wao wanafuata masharti haya haya huko kwao bila kulalamika. Vumbi la Ulaya halina sumu zaidi ya vumbi la kwetu.

Mwingine atasema: sheria ipo. Ipo kweli! Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na inataka wafanyakazi wapimwe afya na daktari anayejua maradhi ya kazi, wakati wa kuingia na mara kwa mara baada ya hapo. Sheria ya Mazingira ni ya mwaka 2004. Sheria ya fidia ni ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Karatasi tunazo. Tatizo ni kwamba fidia ya maradhi inataka ugonjwa uhusishwe na kazi, na ushahidi wa hilo unakaa kabatini kwa mwajiri. Mtu asiyekuwa na mkataba, aliyepimwa au hakupimwa hajui, ambaye hajawahi kuonyeshwa majibu yake, ataanzia wapi? Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Hawakusema habari ya mtu anayeficha maradhi ya mwenzake. Huyo kifo hakimuumbui. Kinamfichia siri.

Hata adhabu zetu zina kasoro hiyo hiyo. Mgodi wa North Mara, kule Tarime, mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja na kuingia Mto Tigithe, na wenye mgodi walieleza kwamba watu waliiba vitambaa vya plastiki vilivyotandikwa kwenye bwawa. Mwaka 2019 serikali ikautoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi. Tukaandika vichwa vikubwa vya habari, mimi nilikuwa bado chuoni na nikashangilia. Lakini faini, ndugu zangu, inakwenda serikalini. Haimpimi mtu damu. Haimnunulii dawa mama anayeteka maji mtoni. Serikali ikishapokea fedha inasema sheria imechukua mkondo wake, kampuni ikishalipa inasema imefunga ukurasa, na mwananchi anabaki na mto wake.

Sasa turudi kwenye zile ripoti za rangi nne, kwa sababu ndizo zilizonitoa usingizini. Zina kanuni zake. Kanuni zinazotumika sana ni za taasisi inayoitwa GRI, iliyoanzishwa mwaka 1997. Kipo kiwango chao namba 403 cha mwaka 2018 kuhusu afya na usalama kazini, na kinataka kampuni itaje ajali, na pia itaje maradhi yaliyotokana na kazi, wakiwemo watu wasio waajiriwa wake lakini wanafanya kazi chini ya usimamizi wake. Yaani kina mjomba! Wameandikwa! Ila kanuni hizi ni za hiari, na ukisoma ripoti nyingi utaona ajali zina jedwali zima, halafu maradhi yana sentensi moja inayosema kampuni inajali afya ya watu wake. Kujali si takwimu.

Halafu Juni 2023 zikaja kanuni nyingine za kimataifa, zimeandaliwa na bodi inayoitwa ISSB, na wahasibu wetu wamezishangilia sana. Nimezisoma. Swali lake kuu ni hili: jambo gani katika mazingira na jamii linaweza kutishia fedha za mwekezaji? Tafakari kidogo. Kwa kipimo hicho, mtoto wa Owino Uhuru anaingia kwenye ripoti siku anapokwenda mahakamani. Kabla ya hapo, akiugua kimya kimya, si hatari kwa mwekezaji, kwa hiyo si habari. Maskini asiye na wakili hana uzito katika mahesabu. Umoja wa Ulaya walijaribu kuuliza kwa pande zote mbili, yaani pia kampuni inamfanyia nini binadamu wa nje, lakini mwaka 2025 wakaanza kulegeza na kuahirisha baada ya wenye makampuni kulalamika. Hivyo tusikae tukisubiri mzungu atuletee fomu nzuri ya kujaza.

Msidhani nazungumzia makampuni tu. Taasisi za umma ndizo walimu wa tabia hii. Wazee wa Tabata wanakumbuka. Miaka ya themanini Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa inamwaga taka za jiji zima pale Tabata na kuzichoma, moshi na harufu mchana na usiku. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu, na Jaji Lugakingira akawapa haki, akisema kuhatarisha maisha ya watu namna ile kunakwenda kinyume na haki ya kuishi iliyomo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Jiji likafanya nini? Likaomba muda. Likapewa, likaomba tena. Mwishowe taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, ambako pia kuna watu! Watu wa Mtongani nao wakaenda mahakamani, na mwaka 1991 wakashinda. Baadaye ikawa Vingunguti, ikawa Mtoni, ikawa Pugu Kinyamwezi. Taka zinahama kufuata mitaa ambayo haijapata wakili.

Na kabla hamjanigeukia, nianze mwenyewe. Gazeti letu linaandika tahariri kali kuhusu haki za wafanyakazi. Wenzetu wa mikoani wanalipwa kwa habari iliyotoka, hawana bima, wanapanda bodaboda usiku kufuata mafuriko na kipindupindu. Dereva wetu wa usambazaji analala saa nne kwa siku. Sijawahi kuona mstari mmoja kuhusu afya yao kwenye taarifa yoyote ya ofisi. Mganga hajigangi.

Basi tufanye nini? Sipendi kulalamika bila kusema ninachotaka, kwa hiyo nasema. Taasisi yoyote, ya umma au binafsi, isiruhusiwe kujiita endelevu mpaka iweke hadharani mambo manne. La kwanza, idadi ya watu waliopimwa afya mwaka huo, waliokutwa na madhara, na vibarua wakiwemo, kwa idadi tu bila kutaja jina la mtu. La pili, vipimo vya hewa, maji na udongo nje ya uzio, vilivyofanywa na mtu asiyelipwa na kampuni, vibandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, karibu na tangazo la mkutano wa kijiji. La tatu, fedha za matibabu na usafishaji ziwekwe pembeni kabla tanuru halijawashwa, maana mwekezaji akishapanda ndege hakuna wa kumdai. La nne, marupurupu ya wakurugenzi yafungwe kwenye namba hizo kama yalivyofungwa kwenye faida. Mtaona barakoa zitakavyopatikana haraka.

Na daktari wa kampuni asiwe mtu wa kampuni. Hili nalisema kwa sababu ya Minamata, Japani. Mwaka 1956 daktari Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kampuni ya Chisso, ndiye aliyetoa taarifa ya ugonjwa wa ajabu: watu wanatetemeka, hawawezi kuzungumza, wanakufa. Mwaka 1959 akachukua maji machafu ya kiwanda chake mwenyewe, akamlisha paka. Paka akaugua ugonjwa ule ule. Ilikuwa zebaki. Kampuni ikamzuia kuendelea na matokeo yakafichwa. Maji yale yaliendelea kumwagwa hadi mwaka 1968. Miaka tisa! Daktari alijua, kampuni ilijua, paka alijua. Samaki wakaendelea kuliwa. Hosokawa alikuja kutoa ushahidi mwaka 1970 akiwa kitandani hospitali, anakufa kwa saratani. Alikuwa mtu mwema, nasema kweli. Lakini mtu mwema aliyelipwa mshahara na mtuhumiwa alichelewa miaka kumi na moja.

Ndiyo maana sitaki kutegemea wema. Nataka namba, na nataka anayezitoa asiogope kufukuzwa.

Nilikwenda kumsalimia mjomba wiki iliyopita. Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje, maana ndani anakosa hewa. Shikamoo mjomba. Marahaba mjomba, huku anapumzika katikati ya maneno. Nikamsomea ile habari yangu ya maneno mia sita, ile ambayo haikutoka. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Sasa hao waliopanda miti, wataikata lini kututengenezea majeneza?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, shangazi akaleta maji.

Na bahasha? Niliipokea. Ilikuwa tarehe ishirini na kitu na mwenye nyumba alikuwa amenitafuta mara mbili. Nimezipokea nyingine kabla ya hiyo pia, sina haja ya kuwadanganya. Jumanne hii nilikwenda kuirudisha. Dada wa mapokezi alinishangaa, akampigia mtu, akampigia mwingine, mwisho akaniambia kwa heshima kwamba hawana kitabu cha kuandikia fedha za namna hiyo zinaporudi. Wana vitabu vya miti, vya madawati na vya lita za maji. Nikaiacha juu ya kaunta, nikamwomba aniandikie kwenye kikaratasi tu kwamba ameipokea. Hakuandika.

Mhariri wangu anasoma hapa, najua. Kaka, lile swali nitaliuliza tena hafla ijayo. Na ninyi wengine mnaofanya kazi benki, viwandani, kwenye mashirika, ofisi za serikali: Jumatatu mkifika kazini ulizeni idara ya utumishi namba hiyo moja. Wangapi wamepimwa, wangapi wameugua, na wanaofagia wamo? Halafu rudini hapa mniambie mlijibiwa nini.

Shikamoo kwa wakubwa, wengine mambo vipi. Tuonane wiki ijayo, kama bado nitakuwa na kazi.